Gogo alikaa darasani na watoto aliowapokea wakizaliwa

Wengi wanamkumbuka Kimani Maruge, yule mzee wa Eldoret, Kenya, aliyeingia darasa la kwanza Januari 2004 akiwa na miaka 84, mwaka mmoja tu baada ya serikali kuondoa karo ya shule za msingi. Mi leo nataka nimzungumzie zaidi Priscilla Sitienei, Gogo (yaani bibi) wa Ndalat kule Bonde la Ufa, kwa sababu huyu mama alifanya kitu ambacho sisi wenye vyeti kinatushinda kabisa.

Gogo alikuwa mkunga zaidi ya miaka 60. Hebu fikiria idadi ya akina mama waliopita mikononi mwake, usiku, mvua inanyesha, hospitali iko mbali. Huyo si mtu wa kuambiwa hajui kitu. Na bado akaenda kubisha hodi shuleni akiwa ashafika uzeeni kabisa, mwanzoni wakamkataa, alafu walipoona hatanii wakampokea, akavaa yunifomu, akawa analala bwenini, akasoma pamoja na wajukuu wa wajukuu zake na watoto wengine ambao baadhi yao ni yeye aliyewapokea siku wanazaliwa. Alitaka ajisomee Biblia mwenyewe. Alitaka pia aandike yale anayoyajua kuhusu dawa za miti shamba ili yasizikwe naye. Na akikutana na mtoto aliyeacha shule alikuwa anamuuliza kwa nini, akijibiwa eti ameshakuwa mkubwa, anamwambia mimi je, si niko darasani?

Hapo ndipo huwa naguswa sana. Kwake elimu ilikuwa ya kumvuta mwingine. Sisi mtu akipata digrii ya pili tu huwezi kumuuliza swali, na yeye mwenyewe hawezi kuuliza swali mbele ya watu, anaogopa ataonekana hajui, basi anakaa na pengo lake miaka nenda miaka rudi na bado anawasahihisha wengine kwa dharau.

Alafu kuna wale waliowafungulia mlango, hao hatuwataji vya kutosha. Maruge alipoanza, wazazi wengine walilalamika kwamba anachukua nafasi ya mtoto, na mwalimu mkuu Jane Obinchu akamsimamia. Mwaka 2005 mzee akapanda ndege mara ya kwanza maishani akaenda New York kuwaambia wakubwa wa dunia kwamba elimu ya msingi iwe bure. Baada ya ghasia za uchaguzi akapoteza mali yake, akaishi kambini, na bado akawa anatembea kama kilomita 4 kwenda shule. Alifariki Agosti 2009, saratani ya tumbo. Gogo akafuata Novemba 2022, miaka 99, bado mwanafunzi.

Sasa mi nauliza, mbona hatujifunzi kutoka kwa hawa watu huku nyumbani kwetu? Darasa la ngumbaru, lile la kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, bado watu wanalicheka mpaka leo. Wanaoenda wengi ni akina mama, wanaume wanaona aibu, afadhali aweke kidole gumba kwenye karatasi ya shamba asiyoweza kuisoma kuliko jirani amwone na daftari. Na aibu hiyo ni sisi tunaowatia, kwa vicheko vyetu na kwa kukosa subira. Mimi naamini kila kanisa na kila msikiti wenye ukumbi unaokaa mtupu katikati ya wiki ungeweza kuwa na darasa la jioni, na mwalimu awe mtu mwenye moyo, asiyemwita mzee mwenzake mtoto.

Na tuanze na simu jamani. Mama anaomba umwonyeshe vile M-Pesa inatumwa, wewe unamnyang'anya simu, "leta nikufanyie," dakika moja umemaliza na yeye amebaki vile vile, kesho atamwomba mtu wa dukani na namba yake ya siri ataitaja kwa sauti mbele ya foleni. Mrudishie simu. Kaa kando yake, abonyeze mwenyewe, akikosea mwache ajaribu tena, na akishaweza mwombe naye akufundishe ile dawa aliyokuwa anakuchemshia ukiwa mdogo, maana hiyo hujui hata majani yake yanafananaje.