Volyumu za bekapu: tuiachie Bacula izirudie yenyewe au tuzikalie?

Mnaotumia Bacula, ile programu ya bekapu, mnalijua hili, volyumu (faili kubwa ambamo bekapu zinaandikwa) ikijaa uiache programu iandike juu yake yenyewe ikifika muda, au uikalie mpaka uamue kwa mkono wako. Mi nilikuwa wa kukalia. Diski tera 4, volyumu 75 za giga 50, bekapu kamili giga 500 kila Jumapili na zile za mabadiliko giga 20 siku zingine 6, yaani giga 620 kwa wiki, na Volume Retention, yaani muda wa kuilinda volyumu isiandikwe juu, sijaigusa iko siku 365 kama ilivyokuja. Wiki 6 zikaisha vizuri tu, Jumapili ya 7 ikaandika giga 30 ikagoma, usiku kucha inasubiri volyumu na mi nimelala zangu.

Ila wanaokalia nao wana hoja, virusi vya kufunga mafaili vinaweza kukaa kimya wiki kadhaa na ukija kushtuka ile bekapu safi ishaandikwa juu. Hapo hurudishi kitu.

Tatizo wengi wao wanalinda nusu. File Retention, muda wa kutunza orodha ya mafaili, kama hujaibadilisha ni siku 60, ikipita orodha inafutwa kwenye katalogi (hifadhidata ya Bacula ya kumbukumbu za bekapu), data ipo kwenye volyumu lakini huwezi kuchagua faili moja, mpaka urudishe kazi nzima (bekapu yote ya mara moja) au ukae na bscan, zana ya kusoma volyumu, kuijenga upya orodha, na bosi amesimama mlangoni anataka eksel yake moja.

Halafu kurudia volyumu sio haraka hivyo kama watu wanavyoogopa. Muda ukiisha Bacula haifuti hapo hapo, data inakaa mpaka kazi ikose pa kuandika. Na muda wenyewe unahesabiwa toka volyumu ilipoandikwa mara ya mwisho, tena lazima hali yake iwe imefika Full (imejaa) au Used (imefungwa), ikibaki Append (bado inaongezewa) miaka yote hairudiwi ng'o, kwa hiyo weka Volume Use Duration, kikomo cha muda wa kuiandikia, au kikomo cha ukubwa.

Mi siku hizi naiachia irudie, siku 30, na bekapu kamili moja ya kila mwezi inaenda diski nyingine tunayoichomoa kabisa. Usipunguze bekapu kamili ikawa na muda mfupi kuliko za mabadiliko zinazoitegemea, utabaki na vipande visivyo na mama. Mpangilio wa Purge Oldest Volume sigusi, hiyo haijali muda uliopanga, inafagia ya zamani kuliko zote hata kama ni ya juzi.

Na ukibadilisha siku kwenye faili la mipangilio usiende kulala, volyumu za zamani bado zina zile 365, mi nilikaa siku 2 nashangaa kwanini bado inagoma, kumbe mpaka uingie bconsole, dirisha la amri la Bacula, upige update kwa volyumu hizo.