Bosi na zambarau yake

Jamani titaniamu ikiwa baridi ni metali mpole sana, maji ya chumvi haiyajali, kutu haiijui, ila ipashe moto uone, ikifika nyuzi mia nne mia tano hivi inaanza kula oksijeni na naitrojeni ya hewani kwa pupa, na sisi kazi yetu ndio kuiyeyusha kwa leza, yaani tunaipeleka zaidi ya nyuzi 1,600, poda yake inapulizwa na gesi ya argoni kutoka kwenye nozeli, yaani mdomo wa mashine, tabaka juu ya tabaka mpaka kitu kinasimama. Argoni ndio mlinzi. Ikizubaa kidogo tu kwisha habari.

Kawaida tunaifunika kazi kwa hema la nailoni, argoni tunaiingizia chini, kwa vile ni nzito kuliko hewa inajaa kuanzia chini na kuifukuza hewa itokee juu. Siku mteja anakuja bosi akasema toeni hilo nailoni, mgeni ataona nini sasa? Mzee wa karakana akamwambia taratibu, "Bosi, tutabaki na gesi ya nozeli na kile kisanduku cha nyuma tu." Kisanduku chenyewe kinaifuata nozeli huku kikimwaga argoni polepole pale leza ilipopita, maana tabaka likishaganda bado ni la moto na bado lina njaa. Bosi akasema inatosha. Na kwa ukuta mwembamba wa titaniamu kama ule tuliotaka kuujenga, kweli ingetosha.

Ila bosi alikuwa amesoma mahali kwamba argoni ikijaa chumbani mtu anakosa pumzi. Ni kweli, tena haina harufu, unaanguka hujui kilichokupiga, ndio maana ukutani kuna kipimo kinachopiga kelele oksijeni ikishuka chini ya asilimia 19.5. Bosi hakukiamini kipimo. Akaleta feni, ile kubwa ya kusimama, akaiwasha nyuma ya makabati bila kumwambia mtu, akatoka kumpokea mgeni.

Tukafunga mlango, tukawa tunaangalia kupitia kioo. Tabaka la kwanza likatoka rangi ya majani makavu, Mzee akakunja uso. Likaja la kahawia. Halafu zambarau, ile ya kung'aa kabisa, na bosi akapiga makofi! "Mama, hii huipati kwingine!" Mama mteja, mtu mkimya, miwani inaning'inia shingoni, akasema tu mmh. Ile sio rangi jamani, ni ngozi ya oksidi mwanga unachezea juu yake, ngozi ikizidi unene rangi inabadilika, na sisi tunaotaka rangi ya fedha inayong'aa kuona zambarau ni kama kuona damu.

Mzee akaninong'oneza, "Ongeza gesi." Nikaongeza. Ikaja buluu. "Ongeza!" Sasa hapo gesi ikizidi kasi inaanza kujikoroga yenyewe na kuvuta hewa ndani, kwa hiyo kati ya feni na sisi wawili ile titaniamu ilikuwa imesimama kwenye upepo mtupu, ikawa kijivu, juu kabisa ikaota unga mweupe. Bosi kimya kidogo, halafu, "Na nyeupe pia tunatoa."

Leza ikazimwa, tukasubiri kipoe, tukaingia. Mama akapitisha kidole gumba juu ya kile kipande, akautazama ule unga kidoleni, akauliza jiliwa liko wapi. Akakibana mwenyewe. Akaomba nyundo. Bosi bado anaeleza habari za zambarau, mama akakigonga mara moja, tak! kikakatika kama biskuti na nusu yake ikaruka juu ya vichwa vyetu mpaka nyuma ya makabati, tukasikia ka-ka-ka-ka-KRAA, halafu kimya.

Mzee akaenda kuchungulia. Akarudi na bawa la feni mkononi, akamwangalia bosi, hakusema neno.

Nikarudisha gesi pale pale pa mwanzo tukaanzisha ukuta mwingine. Tabaka la kwanza fedha. La pili fedha. Mpaka juu fedha tupu, unajiona uso! Mama akaenda na hicho kwenye jiliwa, akagonga, kikapinda tu, akagonga tena kikapinda zaidi, kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. "Nataka hivi."

Bosi akasogea, sauti ya chini kabisa, "Mama, hata zambarau kidogo tu pembeni?"

"Ukitaka zambarau utaitia kwa umeme kazi ikishaisha," mama akamjibu, "inabaki juu juu, haili ndani."

Alikuwa anamsaidia tu maskini. Sasa hivi bosi anazunguka karakana nzima anauliza nani anajua kutia titaniamu rangi kwa umeme, na feni nyingine ameshaagiza.