Injini zote mbili usiku mmoja? Hapana jamani

Nikimwambia mtu mimi ni fundi ndege huwa naulizwa mawili tu, mshahara na kama naogopa kupanda. Mshahara tuuache. Kupanda siogopi hata kidogo, ila nikikaa dirishani nikaiona injini kuna swali linanijia ambalo jirani yangu kwenye siti hawezi kuliwaza, hii hapa na ile ya upande wa pili ziliguswa lini mara ya mwisho, na je ilikuwa usiku mmoja?

Ndege inawekewa injini mbili ili moja ikigoma nyingine ikurudishe chini salama. Zote mbili kuharibika zenyewe siku moja ni jambo la nadra mno, wataalamu wamepiga hesabu zao wakaridhika. Sasa hesabu hiyo yote inavurugwa na fundi mmoja mwenye usingizi anayefungua kitu upande wa kushoto, akimaliza anasukuma stendi yake hadi kulia anafungua kilekile. Kama kushoto kakosea basi na kulia atakosea, tena safari hii kwa kujiamini kwa sababu si ameshafanya moja.

Wanaodhani nakuza mambo waiangalie safari namba 855 ya Eastern Air Lines, shirika la Marekani, tarehe 5 Mei 1983, Lockheed L-1011 yenye injini tatu inatoka Miami kwenda Nassau na watu 172. Usiku uliotangulia mafundi walibadilisha chipu ditekta za injini zote tatu. Hicho ni kisumaku kidogo kinachokaa kwenye njia ya oili, kinanasa chembe za chuma ili ujue mapema kama beringi au gia imeanza kulika, na kikirudishwa lazima kivalishwe oringi zake mpya, yaani vipete vya mpira vya kuziba, ili oili isipite. Kawaida walikuwa wanavichukua kwenye kabati la bosi wao vikiwa vimeshavalishwa oringi, siku hiyo kabati tupu, wakachukua vya stoo ambavyo havikuwa nazo, wakafunga, wakazungusha injini kwa starta sekunde chache kuangalia kama inavuja, hamna kitu, wakasaini. Kadi ya kazi ilikuwa imeandika wazi kabisa kuhusu oringi.

Hewani oili ikaanza kumwagika kote kote. Marubani walipoona geji zote tatu zinashuka wakaona haiwezekani, hizi geji ndizo mbovu, na kwa kweli mtu yeyote angefikiri hivyo. Walikuwa wameshazima moja, mbili zilizobaki nazo zikafa, ndege ikashuka bila nguvu yoyote kutoka kama futi 13,000 hadi kama 4,000 ndipo wakafanikiwa kuiwasha tena ile waliyoizima mwanzo. Wakatua Miami na injini moja, wote wazima.

Hapo kuna kitu huwa hakisemwi sana. Mafundi walikuwa WAWILI, hazikuguswa zote na mtu mmoja. Kwa hiyo wanaosema dawa ni kila injini iwe na fundi wake wana haki nusu tu, maana hao wawili walichota stoo moja, usiku mmoja, haraka ileile, na kila mmoja akiamini vitu vimekuja vimekamilika. Ndiyo maana mimi nasema tutenganishe hadi usiku wenyewe, kushoto usiku huu, kulia usiku mwingine.

Miaka kumi na mbili baadaye, Februari 1995, Boeing 737-400 ya British Midland inatoka East Midlands kwenda Lanzarote, oili inakwisha injini zote mbili, wanageuza kutua Luton. Usiku ilikuwa imefanyiwa boriskopu, yaani kamera nyembamba inaingizwa ndani ya injini kukagua bledi, yaani mapanga yake, na ili uzungushe rota inayoyabeba kwa mkono unafungua kifuniko fulani. Vifuniko havikurudishwa, injini zote mbili. Ukisoma namna kazi ilivyokwenda unaona kila kitu tunachokijua, watu pungufu, kazi imeanzwa na huyu ikarithiwa na yule kwa maneno ya mdomo, na kuwasha injini mwishoni ili kuangalia uvujaji hakukufanyika. Mwingereza huyo, mwenye manyuali zote na vifaa vyote.

Na kwa nini usiku? Kwa sababu mchana ndege inatafuta hela. Inarudi saa nne, inatakiwa iwe tayari saa kumi na moja alfajiri, humo katikati ndimo sisi tunaishi. Na mwili wa binadamu kuanzia saa nane usiku hadi alfajiri uko chini kabisa, hilo lipo hata kwenye somo la human factors, yaani jinsi binadamu anavyokosea kazini, tunalofanyia mtihani wa leseni, tunalifaulu vizuri kisha tunaingia shifti ya usiku. Ile BAC One-Eleven ya British Airways ya Juni 1990 iliyong'oka kioo cha mbele kapteni akavutwa nusu nje (alipona, wahudumu walimshika miguu mpaka wakatua), bolti 84 kati ya 90 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa, zilichaguliwa kwa macho, usiku, na meneja wa shifti mwenyewe kwa sababu watu walikuwa hawatoshi. Mzoefu kabisa huyo.

Kwa ndege za injini mbili zinazovuka bahari sheria imeshakaa sawa, mtu mmoja haruhusiwi kugusa mfumo uleule injini zote mbili kwa mkupuo, na ikilazimika kuna ukaguzi wa ziada. Kwa hiyo anayekwenda Mumbai au Guangzhou ana ulinzi huo. Anayekwenda Mwanza na propela je? Kanuni za Ulaya zinataka kosa kujirudia lipunguzwe hata kwa ndege za kawaida, sawa, lakini "lipunguzwe" ni neno laini, saa tisa usiku mko wawili na simu ya operesheni inaita kila dakika linalainika zaidi. Abiria wa Mwanza naye ana roho moja tu.

Najua majibu. La kwanza ni hela, ndege ikilala mchana hailipi. Sawa, sijaomba ilale mchana, naomba kazi za kushoto na kulia zisiwe kwenye furushi moja. La pili linatoka kwetu wenyewe na hili wakubwa hawalijui, mafundi wengi tunaupenda usiku! Posho ipo, hanga halina joto la kukushikisha bati la moto, hakuna mabosi, na mchana mtu ana mambo yake, ana duka, ana bajaji, ana fremu anajenga Chanika. Anayefanya hivyo analala saa ngapi? Halafu usiku ndiye anashika boriskopu. Wenzangu mtanisamehe ila tukilalamikia uchovu na hilo tuliseme.

Na ile kauli ya kukabidhiana, "nimeshafunga kaka, we malizia tu". Malizia nini? Kama hujaandika kwenye kadi ulipoishia mimi naanza mwanzo, hata ukinuna, hata ukiniita mjuaji. Kuna vijana wanaona aibu kumwambia mkubwa wao "bro shikamoo, lakini sijaona saini yako hapa". Shikamoo mpe, na saini mwombe.

Ninachotaka hakihitaji bajeti wala semina ya hoteli. Watu wa planingi wakiona boriskopu mbili zinakaribia muda wake, moja waiwahishe wiki moja, ifanyike na shifti hii, nyingine isubiri na ipewe jina la fundi mwingine kwenye kadi. Chipu ditekta hivyohivyo, filta za oili hivyohivyo. Na muda wa kuwasha injini kuangalia uvujaji uandikwe ndani ya ratiba ya ndege kabisa, usiwe wa kuazima kwenye dakika za mwisho wakati basi la abiria limeshaanza kusogea.