Mayai ya Uani Hayahitaji Ndoo ya Chokaa

Kuna video moja ambayo imenifikia kutoka kwa watu wengi kiasi kwamba nimeanza kuwashuku ndugu zangu kuwa wananifanyia kusudi. Mama mmoja wa Kimarekani anapanga mayai ndani ya mtungi wa kioo, anayamiminia maji ya chokaa, anafunika, kisha anatangaza kwa furaha kwamba atayala mwakani. Sasa kila mwenye matetea wanne uani anatafuta ndoo, na jirani yangu amekwisha kwenda duka la vifaa vya ujenzi kununua chokaa ya kupakia ukuta, ambayo hata mwenye duka hawezi kumwambia imechanganywa na nini.

Jambo ambalo hakuna anayeuliza ni kwa nini mama yule ahifadhi mayai kwa miezi yote hiyo. Kuku hutaga kwa kufuata mwanga, na ili atage vizuri huhitaji takriban saa 14 za mwanga kwa siku. Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, mwishoni mwa Desemba urefu wa mchana haufiki hata saa tisa, hivyo kuku asiyewashiwa taa hupunguza kutaga au huacha kabisa, na mayai ya kiangazi ndiyo yanayopaswa kuivusha familia hadi baridi ipite. Waingereza nao, wakati wa Vita Kuu ya Pili, walipokuwa wakipewa takriban yai moja kwa mtu kwa wiki, walikuwa na sababu nzito ya kujaza ndoo. Dar es Salaam, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haifiki saa moja. Tetea wa kienyeji hasimami kwa sababu ya giza. Husimama kwa sababu amemaliza mayai yake 10 au 15 na anataka kuatamia, au ananyonyoka manyoya, au ana njaa. Mwenye matetea wanne anaweza kuwapokezanisha, mmoja akiatamia wenzake watage, na yule asiyehitajika kuatamia akaondolewa mayai na kuwekwa siku chache kwenye tundu lenye sakafu ya wavu, hewa ipite chini ya tumbo lake, hadi hamu ya kuatamia imtoke. Hiyo ndiyo ghala yetu, na haihitaji chokaa.

Adui wetu sisi wa pwani ni joto, na mshirika wake ni jogoo. Yai lililorutubishwa halisubiri kuatamiwa ndipo lianze kazi. Katika nyumba ya bati mwezi Februari, ambapo joto hupita nyuzi 30, kiinitete huanza kukua chenyewe juu ya kabati, na baada ya siku chache unavunja yai juu ya kikaango unakuta mishipa myembamba ya damu imetambaa juu ya kiini kama uzi mwekundu. Hapo ndipo mtu hulalamika kwamba mayai ya kienyeji hayadumu na ni viza matupu! Mtenge jogoo na matetea unaotaka mayai yao ya kula, subiri takriban wiki tatu kwa sababu mbegu zake huendelea kuishi ndani ya tetea, kisha uone mayai hayo hayo yanavyokaa.

Halafu kuna hawa wanaoosha mayai punde tu yanapookotwa, wakisugua kwa sabuni kana kwamba ni vikombe. Ganda lina maelfu ya vitundu, na kuku, akijua zaidi yetu, hulipaka utando mwembamba unaoviziba yai linapotoka. Ukiliosha umeuondoa, na ukitumia maji baridi kwa yai lenye joto, kilichomo ndani hujikunja na kuvuta maji machafu kupitia vitundu hivyo. Marekani mayai ya dukani huoshwa kwa sheria, ndiyo maana lazima yakae kwenye friji. Ulaya mayai ya daraja A, yaani yale ya dukani, hayaruhusiwi kuoshwa, na hivyo huweza kuuzwa nje ya friji. Sisi tumechukua kuosha kwa Wamarekani na kabati la wazi la watu wa Ulaya. Weka nyasi kavu kwenye kiota, okota asubuhi na jioni, pangusa kwa kitambaa kikavu, na yai litakalokuwa limepakaa kinyesi ulipike siku hiyo hiyo.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba chokaa safi inafanya kazi: takriban gramu 28 kwa lita moja ya maji, mayai yasiyooshwa wala kupasuka, na yanaweza kukaa miezi mingi. Lakini haiui vijidudu vya salmonela vilivyoingia ndani ya yai kabla ganda halijaumbika, na vitundu huzibwa kiasi kwamba unapaswa kulitoboa yai kwa sindano kabla ya kulichemsha, la sivyo litapasuka sufuriani. Kulitumbukiza yai kwenye maji uone kama litazama au litaelea kunaonyesha umri wake tu, si usalama wake. Mwenye friza na umeme wa uhakika anaweza, badala ya chokaa, kuyavunja mayai, kuyakoroga na kuyagandisha.

Mayai ya kienyeji tunayalipia zaidi ya yale ya trei kwa ajili ya ubichi na ladha yake. Anayeyaloweka miezi minane hadi ute uwe maji na kiini kipasuke kwa kuguswa, kisha akayakaanga na kitunguu, angeyauza siku yalipotagwa, akanunua mayai ya kisasa siku anayoyahitaji, na bado akabaki na chenji ya kitunguu.