Je, Charlie Parker alimdhulumu Ray Noble?

Novemba 26, 1945, jijini New York, kampuni ya Savoy inamrekodi mpiga saksafoni Charlie Parker. Katika jaribio la kwanza la "Ko-Ko", yeye na mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie wanaingia kwenye melodi ya "Cherokee", wimbo wa Mwingereza Ray Noble wa mwaka 1938. Mara muziki unakatizwa. Inasimuliwa kwamba melodi ile ingeilazimu kampuni kulipa mrabaha. Toleo lililouzwa halina melodi hiyo, ila kodi zake, yaani zile sauti zinazopigwa pamoja kuubeba wimbo, ni zilezile za Noble.

Wapo wanaouita huu wizi. Wapiga jazi wanaukataa ukali huo, nami niko upande wao, japo si moja kwa moja.

Chukua "I Got Rhythm" ya George Gershwin ya mwaka 1930. Juu ya kodi zake Duke Ellington alijenga "Cotton Tail" mwaka 1940, Parker na Gillespie wakaja na "Anthropology", na Sonny Rollins akarekodi "Oleo" mwaka 1954. Zisikilize kwa kufuatana: kila moja ina sura yake, na asiyeambiwa huenda asijue kwamba asili yao ni moja. Kama njia ile ya kodi ingekuwa na mwenyewe, sehemu kubwa ya bibopu, ile jazi ya kasi ya akina Parker, isingezaliwa. Sheria ya Marekani kwa kawaida huilinda melodi na maneno, si mfuatano wa kodi uliozoeleka. Mwaka 2023 baraza la wazee wa mahakama jijini New York lilimwondolea mwimbaji Ed Sheeran lawama katika kesi ambayo mfuatano wa kodi ulikuwa kiini chake, na naona lilitenda haki.

Lakini "Cherokee" inanipa shida. Sehemu yake ya kati inaruka ghafla hadi ufunguo wa mbali, yaani ngazi nyingine ya sauti ambayo wimbo unaegemea, kisha inashuka ufunguo baada ya ufunguo mpaka irudi nyumbani. Hiyo si njia ya kila mtu. Ni kazi ya Noble, na ugumu wake ndio uliowavutia vijana wa bibopu waliotaka kupimana ubavu. Ufundi wa Parker pale unastaajabisha kwa sababu mwingine alimwekea vikwazo vya kuruka.

Hata hivyo, kumlaumu Parker ni kumwonea. Kama simulizi ile ni ya kweli, aliyeokoa fedha ni mwenye kampuni. Mpigaji alileta melodi mpya, kwa kasi ambayo wachache waliiweza. Mrabaha wa melodi hiyo mpya ulikuwa haki yake, na sioni sababu ya kuugawa. Ninachokidai ni jina: popote "Ko-Ko" inapoandikwa kuwa ya Parker, iandikwe pia kwamba kodi ni za Ray Noble.