Elfu kumi na tano, saa tatu usiku: chatiboti ijifunze kwa nani?

Chukua ujumbe wa aina hii, ambao mhudumu yeyote wa wateja wa umeme Dar es Salaam angeuelewa bila kuusoma mara mbili: "Habari, jana saa tatu usiku nilinunua luku ya elfu kumi na tano kwa simu ya Jumanne, mpaka sasa haijaingia. Niko Mbagala Rangi Tatu." Luku ni umeme wa kulipia kabla ya kuutumia. Ili chatiboti, yaani programu inayojibu jumbe za wateja, imsaidie mteja huyu, lazima ichomoe humo muda, kiasi, aliyelipa na mahali. Vipande hivyo watengenezaji huviita entiti. Majukwaa ya kutengenezea chatiboti huja na baadhi yake zikiwa tayari, kama tarehe, namba na fedha. Nyingine mwenye biashara hujitengenezea mwenyewe, kwa orodha ya maneno na visawe vyake au kwa ruwaza, yaani mpangilio maalumu, wa herufi na tarakimu.

Wapo wanaosema kazi hiyo ya mikono imepitwa na wakati, kwa kuwa modeli kubwa za lugha, yaani programu za akili bandia zilizofundishwa kwa maandishi mengi, husoma ujumbe mzima na kutoa vipande vyote bila orodha yoyote. Kwa maoni yangu, wanakosea pale penye pesa na saa. Penginepo wana hoja nzito, na sisi tunaopenda kutunga kanuni kwa mkono tumechelewa kuikubali.

Tuanze na saa. Entiti ya muda iliyoundwa kwa kufuata Kiingereza ikikutana na "saa tatu usiku" itasoma saa 03:00, wakati mteja anasema 21:00. Kwa siku ileile ya jana, tofauti ni saa kumi na nane. Mfumo utatafuta muamala katika muda ambao mteja alikuwa amelala, usiuone, kisha umjibu kwa adabu kwamba hakuna malipo yaliyopokelewa. Mtu aliyelipa na kukaa gizani anaambiwa hajalipa. Kanuni ya kurekebisha ni rahisi kuiandika: ukiona neno la wakati wa siku, yaani alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, hesabu kwa saa ya Kiswahili, ukiona 15:20, usiiguse, ukiona "saa tatu" tupu, uliza. Kinachohitaji uangalifu zaidi ni usiku wa manane, kwa sababu "jana saa nane usiku" kwa mmoja ni usiku wa kuamkia jana na kwa mwingine ni wa kuamkia leo. Hapo kanuni haitoshi, na chatiboti iwe na ujasiri wa kuuliza.

Fedha nazo zina mitego yake. "Elfu kumi na tano" kwa hesabu kavu inaweza kuwa 15,000 au 10,005. "Laki mbili na hamsini" ni 250,000 kwa kila mfanyabiashara wa Kariakoo, lakini mashine inayojumlisha neno kwa neno itapata 200,050. "Laki na nusu" haina hata namba ya kuanzia. Ongeza jero (mia tano) na buku (elfu) za vijana wa Tanzania, soo (mia) na thao (elfu) za Nairobi, halafu kumbuka kwamba kampuni inayohudumia nchi zote mbili inakutana na shilingi mbili zenye thamani tofauti kabisa. Msimbo wa simu, 255 au 254, unaweza kusaidia kukisia ni shilingi ipi. Haya yote yanaandikika. Yakishaandikwa, mkaguzi anaweza kuyafungua na kuona kwa nini mteja fulani alisomewa kiasi fulani, jambo gumu kulipata kwa modeli kubwa.

Eneo ambalo mimi sitakubali liachiwe modeli peke yake ni tarakimu ndefu. Tokeni ya LUKU, yaani namba anayoiingiza mteja kwenye mita, ina tarakimu 20. Namba ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania (NIDA) nayo ina 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa. Ruwaza ya kizembe inayosema "tarakimu 20 ni tokeni" itachukua kitambulisho cha mtu na kukihifadhi kwenye kumbukumbu za hitilafu za umeme, mahali ambapo hakuna aliyepanga kulinda taarifa binafsi. Namba ya simu ikianza na 255 ina tarakimu 12, sawa na namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali inayoanza na 99. Kutenganisha hizi kunataka mtu anayezijua, na utenganishaji ufanyike kabla ujumbe haujaondoka kwenda kwenye modeli iliyoko kwenye seva za nchi nyingine. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Zote zinagusa usafirishaji wa taarifa nje ya mipaka. Tena modeli inayozalisha maandishi inaweza kunakili tarakimu 20 ikadondosha moja. Mteja hataijua iliyodondoka, ila mita itaikataa tokeni.

Sasa upande wa pili. Rudi kwenye ujumbe wetu. Entiti ya siku itamdaka Jumanne na kumgeuza tarehe. Entiti ya namba itachomoa 3 kutoka Rangi Tatu, na 1 kutoka Maili Moja ya Kibaha. Wateja wenye majina ya Pili na Tatu watasumbuliwa kila wakijitambulisha. Unaweza kuongeza kanuni ya kuzuia, kisha kanuni ya kuizuia ile ya kuzuia, mpaka siku moja hakuna anayethubutu kugusa faili hilo. Modeli inayosoma sentensi nzima huona "kwa simu ya Jumanne" na mara nyingi huelewa kwamba ni mtu.

Neno "luku" lenyewe linaonyesha udhaifu wa orodha kuliko yote. Watu husema luku imeisha wakimaanisha yuniti, luku imeharibika wakimaanisha mita, luku haiingii wakimaanisha tokeni. Ukiliweka chini ya entiti moja, umekosea mara mbili kati ya tatu. Mahali nako kuna hatari. Majukwaa mengi hukuruhusu kuwasha ulinganishaji wa kukadiria, ili tahajia ikikosewa kidogo neno litambulike. Ni msaada mkubwa, lakini Mbezi ya Dar es Salaam na Mbozi ya Songwe zinatofautiana kwa herufi moja, na fundi aliyetumwa Songwe hatamwashia taa mtu wa Mbezi. Hata Mbezi iliyoandikwa sawasawa haitoshi: ni Mbezi Beach, Mbezi Juu au Mbezi Luis?

Lakini tusiipe modeli sifa kuliko inavyostahili. Kati ya data za wazi za kufundishia utambuzi wa majina kwa Kiswahili, inayojulikana sana ni MasakhaNER ya mwaka 2021, iliyokusanywa kwa sehemu kubwa na watafiti wa Afrika wenyewe, kazi ninayoiheshimu sana. Imetokana na maandishi ya habari, na inatambua watu, taasisi, mahali na tarehe. Mteja aliyekatikiwa umeme haandiki kama mtangazaji. Anafupisha, anachanganya lugha, anaandika "xaxa" na "mi2". Kwa hiyo anayesema modeli imeshajifunza Kiswahili aulizwe ni Kiswahili cha nani.

Mgawanyo ninaoutetea unafuata gharama ya kosa. Chochote kinachohamisha pesa, kinachomtambulisha mtu kwa namba au kinachopanga muda kitengenezewe entiti yake, chenye ruwaza inayokaguliwa, na mteja arudishiwe kithibitisho kwa saa aliyoitumia mwenyewe: "Sh 15,000, jana saa 3 usiku, ni sahihi?" Majina ya watu, malalamiko na mahali panapotajwa kwa mazoea modeli iyasome, huku orodha ya vituo na mitaa ikitumika kuhakiki jibu lake.

Linalonitia wasiwasi ni nani ataziandika hizo entiti. Mara nyingi kazi hupewa injinia peke yake, pengine aliyeko nchi nyingine, wakati wahudumu wa kituo cha simu ndio wanaojua kwamba mteja akisema "luku inaandika error" amekosea kuingiza namba. Wapewe saa za kazi, zinazolipwa, za kupitia jumbe ambazo chatiboti imeshindwa, na wawe na mamlaka ya kubadili orodha bila kusubiri toleo lijalo la programu. Kampuni nyingi huweka bajeti ya kununua jukwaa na kusahau fungu hili, ilhali mitaa mipya na maneno mapya ya pesa huingia kwenye jumbe kila mwezi.