Nilinunua Punda Mmoja tu Jamani

Chanzo cha yote ni binti yangu. Aliona poni kwenye katuni, akataka na yeye wa kwake. Nikamwambia mama, hapa kwetu Tabora farasi hawaishi, misitu ya miombo imejaa ndorobo, wale inzi wa malale, hata Stanley yule mzungu mpelelezi alivyokuja huku mwaka 1871 farasi wake wawili walimfia njiani kabla hata hajafika. Akanisikiliza vizuri kabisa af akauliza, "kwaiyo punda, baba?" Sasa mi nilikuwa na hesabu zangu za mkokoteni, niwe nabeba matofali na mchanga maana huku Ipuli watu wanajenga balaa. Nikasema ee, punda.

Maandalizi nilifanya ya kiume. Nikaingia yutubu nikapata mzungu mmoja anafundisha, sakafu iwe kavu sababu kwato zinaoza kwenye matope, maji yawe masafi maana punda maji machafu hanywi hata afe kiu, mahindi usimshindilie yatamharibu miguu, yeye majani makavu yanamtosha. Akafika mahali akasema sasa la muhimu kuliko yote... bando likakata. Nikasema aah, haya yanatosha. Nikajenga banda, bati jipya, changarawe chini, mlango wa mbao za mninga! Mama watoto akaliangalia akasema jiko langu lina turubai toka mwaka juzi lakini hongera.

Punda nilimnunua kwa mzee mmoja kijijini huko Uyui, laki mbili na nusu, jike, mpole, macho mazuri. Tukaanza kurudi kwa miguu vizuri tu mpaka kwenye mtaro mmoja hapa mjini una maji ya kufulia, hayafiki hata kwenye kifundo. Akasimama. Punda akiogopa hakimbii kama ng'ombe, anaganda, na akiganda ndo basi. Navuta, nasukuma, wapi. Wazee wa kijiweni chini ya mwembe wakahamisha mabenchi yao waone vizuri. Huyu anasema mfunike macho, huyu mgeuze aingie kinyumenyume, bodaboda mmoja akasema huyu anampeleka kuchinjwa huyu, ndo maana mnyama amegoma, Umoja wa Afrika si umepiga marufuku biashara ya ngozi za punda 2024, kwa miaka 15! Nikaanza kujitetea mbele za watu kuhusu matofali, naonyesha mpaka picha ya banda kwenye simu, na nyuma yangu punda akaruka mtaro mwenyewe akaanza kwenda zake. Nikamkimbiza.

Nyumbani banda akalikataa. Akachungulia, akanusa mninga, akaenda kusimama dirishani kwa mama watoto anamkodolea akisonga ugali. Bandani wakaingia kuku.

Usiku sasa. Yani hujawahi kusikia kitu kama kile kikitokea uani kwako, kinaanza kwa kuvuta pumzi ndani af kinapasuka, bati zinatetemeka, mbwa wa mtaa mzima wanaitikia. Akinyamaza unashukuru, ukipitiwa na usingizi anaanza upya. Jirani yangu ni mwalimu mstaafu, akaja na tochi na msuli, nikamwamkia shikamoo mwalimu, akasema marahaba, mi nilistaafu ili nilale. Nikampa pole. Usiku uliofuata akaja na mjumbe.

Bwana mifugo nilivyomwita akamzunguka, akamshika masikio, akamwangalia meno, akaniuliza mwenzake yuko wapi. Mwenzake nani? Akasema hawa hawakai peke yao, akiwa na mwenziwe ukiwatenganisha anaacha hata kula, hapo analia anamwita. Jioni nikaweka bando nikamalizia ile video, mzungu anasema neno lilelile moja.

Nikarudi Uyui. Yule mzee nilimkuta kakaa kwenye kigoda nje, hata hakushtuka, akanikaribisha maji ya kunywa. "Baba, nilijua utakuja. Dada mtu huyo hapo, na yeye toka umeondoka hali." Bei? Laki tatu na nusu. Nikasema mzee wangu mbona huyu kapanda hivyo, akasema yule wa kwanza ulikuwa unanunua punda, huyu unanunua usingizi.

Nililipa. Dada mtu kufika akapita moja kwa moja bandani, akafukuza kuku, mdogo mtu akamfuata, kimyaa mpaka leo. Mwalimu ananiitikia salamu tena. Binti anawasuka.

Ila hela ya mkokoteni ndo ile iliyoishia kwa dada mtu. Na punda wawili wanakula, majani karibu hakuna, kwaiyo kila jioni nachukua baiskeli naenda kukata huko nje ya mji, narudi na mzigo mpaka nyuma sionekani, na njia ndo ileile ya kijiweni. Wazee wananiuliza, we si tulisikia una punda wawili, mbona unabeba mwenyewe? Siwajibu, pale pana kimlima.